Bendi ya roki ikishaingia zilipendwa, bado ina wenyewe?

Mabishano kuhusu bendi za roki za zamani huwa hayaishi, na karibu yote huenda hivi: mmoja anasema bendi imekwisha, haijatoa wimbo wa kuvuma tangu enzi za kaseti, redio haziipigi, na mwimbaji siku hizi anamalizia beti kwa kuinyooshea hadhira maiki. Mwenzake anatoa picha ya uwanja uliojaa pomoni na kuuliza, "Na hawa wamefuata nini?" Wote wawili wanatumia kipimo kibovu. Wimbo wa kuvuma unakupa habari za redio. Uwanja uliojaa unakupa habari za mifuko ya watu na kumbukumbu zao za ujana. Kwa uzoefu wa sisi tuliokaa na bendi hizi muda mrefu, bendi ina maana kwa mashabiki wake pale inapoendelea kuwapa kazi: kulinganisha rekodi, kubishania noti moja ya gitaa, kuokoa kanda zinazoanza kuharibika, kumfundisha kijana solo ambayo aliyeitunga mwenyewe haiwezi tena. Bendi yenye watu wa namna hiyo inaweza kuwa ilivunjika zamani na bado ikawa nao. Isiyo nao imebaki jina kwenye fulana, hata ikiwa barabarani kila mwaka.

Takwimu za mtandaoni tuzimalize haraka, maana ndizo hutajwa kwanza na ndizo husomwa vibaya zaidi. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukishafika sekunde 30. Ile idadi ya wasikilizaji wa mwezi ni watu tofauti waliopitia bendi hiyo ndani ya siku 28, akiwemo aliyekutana nayo mara moja kwenye orodha iliyopangwa na mtu mwingine huku akiosha vyombo. Usiishie hapo. Fungua nyimbo kumi zinazoongoza, chukua idadi ya wimbo wa kwanza uigawe kwa idadi ya wimbo wa kumi. Ukipata mbili au tatu, watu wanasikiliza bendi. Ukipata ishirini, wanasikiliza wimbo mmoja, na wengi wao hawajui hata nani anaimba. Kisha fungua albamu ambayo haina wimbo maarufu, utazame kama nyimbo za mwisho zimeachwa mbali sana na za mwanzo. Kushuka kidogo ni kawaida ya kila albamu duniani. Kuporomoka ni dalili kwamba watu wanaonja tu na kuondoka.

Mawimbi ya ghafla nayo yasikubabaishe. Mwaka 2020 video fupi ya mtu aliyekuwa akiteleza barabarani juu ya ubao wa magurudumu iliirudisha Rumours ya Fleetwood Mac, albamu ya 1977, kwenye kumi bora za Marekani. Mwaka 2022 tamthilia moja ya televisheni iliufanya Master of Puppets, wimbo wa Metallica wa 1986, uingie chati ya Hot 100 ya Marekani kwa mara ya kwanza. La kuangalia ni kinachotokea miezi sita baadaye, kama wageni waliokuja kwa wimbo mmoja wamesogea kwenye nyimbo za pembeni. Metallica walikuwa na cha kuwapokelea wageni wao: mwaka uliofuata walitoa albamu mpya na kuanza ziara ambayo katika miji mingi walipiga siku mbili bila kurudia wimbo hata mmoja. Anayekuja siku ya pili kwa kusudi hilo hakuvutwa na televisheni.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili: orodha ya nyimbo za usiku.

Uwanja hujaa kwa sababu nyingi zisizohusiana na uhai wa bendi. Ziara ya kuaga hujaza. Kupatana baada ya ugomvi hujaza kuliko kuaga: Oasis walivunjika 2009, na tiketi za kurudi kwao zilipoanza kuuzwa Agosti 31, 2024, watu walikaa kwenye foleni za mtandaoni saa kwa saa wakitazama bei ya baadhi ya tiketi ikipanda mbele ya macho yao. Foleni ya namna ile inaonyesha uhaba. Haikuonyeshi watu watafanya nini wimbo wa saba ukiwa ni ule ambao haukuwahi kupigwa redioni. Ili kuliona hilo, chukua nafasi pembeni, mahali unapoziona ngazi za kutokea. Mwimbaji akitamka kwamba unaofuata ni wimbo mpya, usimtazame yeye, tazama ngazi. Zikijaa watu wanaoelekea vyooni na kwenye vinywaji, umeshapata jibu la watu wale. Zikibaki tupu, na ukasikia watu wanaimba hata beti ya pili (si kiitikio, maana kiitikio hata mgeni hukidaka), bendi hiyo ingali na wenyewe.

Bendi zenye uzoefu zinaujua mtego huu. Wimbo mpya haziuweki mwishoni wala kwenye nyongeza. Huuweka wa tatu au wa nne, katikati ya mbili zinazojulikana, na hauzidi mmoja kwa mkupuo. Kwa hiyo usihukumu kwa usiku mmoja. Kusanya orodha za maonyesho matano au sita ya ziara ileile na uzipange sambamba. Onyesho la saa mbili hubeba nyimbo 20 hadi 24. Hesabu nafasi ngapi zinabadilika. Ikiwa ni moja au mbili tu, bendi inarudia tamthilia ileile kila usiku. Ila kuwa mwadilifu: onyesho lenye skrini kubwa, taa na moto vilivyopangwa kwenda sambamba na muziki haliwezi kubadilishwa hovyo, kwa kuwa kila wimbo una video yake na kila video ina mtu wa kuipanga. Uvivu na gharama ya mitambo ni mambo mawili tofauti, na kwa mbali yanafanana.

Mfano mzuri ni Pearl Jam. Kelele waliyoipata kwa albamu yao ya kwanza, Ten ya 1991, redio haijawapa tena kwa kiwango kile, na mtu wa nje ukimtajia jina lao atakuuliza kama bado wapo. Lakini orodha yao hubadilika kila usiku, kiasi kwamba wapo mashabiki wanaofuata ziara mji kwa mji wakisubiri wimbo mmoja. Mwaka 2000 bendi iliamua kuuza yenyewe rekodi za maonyesho yake, na ziara hiyo peke yake ikazaa albamu 72 za jukwaani. Klabu yao ya mashabiki, Ten Club, hugawa viti kwa ukongwe wa uanachama, hivyo aliyejiunga miaka ya 90 na kuendelea kulipa ada yake hukaa mbele ya aliyejiunga jana. Unaweza kuuita upendeleo. Sisi tunauona kuwa uamuzi wa busara kuliko kuuza safu za mbele kwa mwenye pesa nyingi aliyekuja kupiga picha, kwa sababu safu ya mbele ndiyo bendi huiona, na bendi hupiga kwa kadiri ya nyuso zilizo mbele yake.

Sasa sauti, ambayo ndiyo huleta matusi mengi. Aliyeimba noti za juu kabisa akiwa na miaka 25 hatazifikia akiwa na 70. Nyuzi za sauti hupoteza unyumbufu na pumzi hupungua, hakuna mazoezi yanayoondoa hilo lote. Bendi ina njia nne: kushusha ufunguo wa wimbo (yaani kuuhamishia wote kwenye noti za chini), kuwapa waitikiaji noti za juu, kuiachia hadhira kiitikio, au kupiga sauti iliyorekodiwa kabla. Tatu za kwanza ni za halali. Ya nne ndiyo huvunja imani.

Ufunguo ulioshushwa unaweza kuugundua nyumbani. Tafuta wimbo ambao gitaa hugusa uzi wa sita, ule mnene kabisa, ukiwa wazi bila kubonyezwa. Kwenye gitaa lililotuniwa kwa kawaida uzi huo ni E, na hutoa takriban hezi 82.4. Kwenye rekodi ya jukwaani ukisoma 77.8, wameshusha nusu toni, wako E-flati. Ukisoma 73.4, wameshusha toni nzima, wako D. Programu yoyote ya kutuni gitaa kwenye simu itakuonyesha, mradi uiwekee sehemu ambayo gitaa liko peke yake. Besi na dramu zikishaingia hubabaika na kukupa majibu ya ajabu. Jukwaani kazi hii ina matatizo yake. Uzi ukilegezwa hupoteza mkazo, hutikisika sana na kugonga freti (vile vyuma vya shingo ya gitaa), ndiyo maana fundi wa magitaa huhama kutoka seti ya nyuzi za 10 kwenda ya 11, iliyo nene zaidi, na baadhi ya wapiga solo hulalamika kwamba vidole haviuvuti tena uzi kama zamani. Ndiyo maana pia utamwona mpiga gitaa akibadilishiwa gitaa kila baada ya nyimbo mbili. Watu hudhani ni mbwembwe, kumbe kila gitaa limetuniwa kivyake.

Na tahadhari moja: E-flati peke yake si ushahidi wa uzee. Guns N' Roses walirekodi Appetite for Destruction ya 1987 wakiwa tayari nusu toni chini, na Jimi Hendrix alikuwa akifanya hivyo miaka ya 60. Linganisha bendi na rekodi yake yenyewe, usiilinganishe na kifaa chako.

Genesis katika ziara yao ya mwisho ya 2021 na 2022 walizitumia njia tatu za halali bila kuficha chochote. Phil Collins aliimba akiwa ameketi kitini, mwanawe Nic akachukua dramu, waitikiaji wawili wakaongezwa, na nyimbo zikashushwa. Onyesho la mwisho lilikuwa London Machi 26, 2022, na Peter Gabriel, aliyeondoka kwenye bendi mwaka 1975, alikuwa miongoni mwa hadhira. Aliyeenda pale kutafuta sauti ya 1986 alitoka na kinyongo. Wengi walijua wanachokwenda kukiona, wakapokea nyimbo zile kama zilivyoweza kuimbwa siku ile. Shabiki wa kweli husamehe noti iliyoshuka, hasamehi kudanganywa.

Sauti iliyorekodiwa utaitambuaje? Mpiga dramu mwenye vipokea sauti masikioni si ushahidi. Wengi husikiliza mdundo wa kuhesabia ili taa na video ziende pamoja nao, na mikono inapiga kweli. Maiki iliyo mbali na mdomo huku sauti ikiendelea ni ushahidi wa wazi mno, na bendi zimeshajifunza kuukwepa. Kilicho bora ni pumzi. Chukua rekodi za usiku tatu tofauti, sikiliza pumzi inayovutwa kabla ya mstari mrefu kuliko yote. Mtu hai huvuta pumzi mapema leo, kesho akachelewa, keshokutwa akakata neno la mwisho. Ikiwa zote tatu zinafanana mahali, urefu na ukali, unachosikia kilirekodiwa siku nyingine.

Suala la nani yuko jukwaani ni la zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1969, The Zombies wakiwa wameshavunjika huku wimbo wao ukipanda chati Marekani, walitokea watu wengine wakazunguka nchini humo kwa jina hilo. Wawili kati yao, Dusty Hill na Frank Beard, baadaye walikuwa ZZ Top. Mwaka 1974 meneja wa Fleetwood Mac, akidai kwamba jina ni mali yake, alituma Marekani bendi ya watu wengine kabisa. Leo udanganyifu wa wazi kiasi hicho ni mgumu, lakini bango bado linahitaji kusomwa taratibu. Uliza nani aliandika nyimbo, nani aliziimba kwenye rekodi, nani ana haki ya jina, kisha ona wangapi kati ya hao watakuwepo. Maneno madogo ndiyo husema kweli: neno la ziada mwishoni mwa jina, au alama ya kujumlisha. Queen wanapopiga na Adam Lambert hujiita Queen + Adam Lambert. Mwimbaji wao Freddie Mercury alifariki 1991, mpiga besi John Deacon alistaafu 1997, na alama ile ndogo inawaheshimu wote wawili. Journey, kwa upande wao, walimpata mwimbaji Arnel Pineda mwaka 2007 baada ya mpiga gitaa Neal Schon kumwona YouTube akipiga kopi huko Ufilipino. Wapo wasiomkubali mpaka leo. Lakini kuna kizazi ambacho kwake yeye ndiye sauti ya bendi.

Matoleo mapya ya albamu za zamani ni uwanja mwingine ambapo mashabiki hufanya kazi kubwa kuliko kampuni. Toleo "lililosafishwa upya" mara nyingi limepandishwa sauti tu. Sauti ndogo zimeinuliwa, kubwa zimebanwa, kila kitu kimekuwa kikubwa, na dramu zimekosa mgongo. Sikio hupenda kilicho juu zaidi kwa muda mfupi, kwa hiyo ukilinganisha bila kusawazisha sauti, toleo jipya litashinda kila mara. Fungua matoleo yote mawili kwenye programu ya bure kama Audacity, shusha lile kubwa mpaka yalingane kwa sikio, ndipo usikilize. Tazama pia umbo la wimbi: toleo la zamani lina vilele virefu na mabonde, lililobanwa limekatwa sawasawa juu na chini. Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki waliokuwa wanacheza mchezo wa video wa Guitar Hero ndio waliogundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo hazikubanwa kiasi kile, na maelfu wakatia saini ombi la kutaka albamu irekebishwe. Watu hawapotezi muda hivyo kwa bendi wasiyoijali.

Kwenye santuri, usinunue uzito. Gramu 180 hufanya sahani iwe nene, haifanyi sauti iwe bora. Tazama dakika. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 hubeba vizuri dakika 20 na kidogo. Zaidi ya hapo mifereji hubanana, sauti hushuka na mkwaruzo husikika. Albamu nyingi za miaka ya 90 zilipangwa kwa ajili ya CD zikiwa na dakika 60 au zaidi, kwa hiyo toleo lililobanwa kwenye santuri moja liachie wengine. Linganisha pia nambari zilizochorwa karibu na lebo, mahali mfereji unapoishia, kwani ndizo zinazoeleza sahani ilikatwa na nani na mara ya ngapi. Jalada zuri halina habari hiyo.

Halafu kuna vijana wenye magitaa. Bendi ambayo sehemu zake bado zinajifunzwa haijafa, na makosa ya wanaojifunza yanafundisha kuhusu bendi kuliko makala nyingi. Mtu hujifunza gitaa la Mark Knopfler wa Dire Straits kwa plektra (kile kipande cha kupigia nyuzi), noti zote sahihi, na bado haliwi lenyewe, kwa sababu Knopfler hupiga kwa vidole: kidole gumba na vingine viwili huvuta uzi na kuuachia. Brian May wa Queen hufanya kinyume, hupiga kwa sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita, ambayo ukingo wake hukwaruza uzi na kutoa ule mlio wa kuanza neno kwa konsonanti. Kijana akishaambiwa hilo, saa moja humtosha kusikia tofauti ambayo ameitafuta kwa kununua vifaa. Njia inayofaa ni kupunguza kasi ya rekodi hadi asilimia 70 bila noti kushuka, kurudia mipigo minne mpaka mikono iache kufikiri, ndipo kuongeza asilimia tano tano. Na gitaa alituni kwa kufuata rekodi, asifuate kifaa. Studio za zamani ziliongeza au kupunguza kasi ya kanda kwa makusudi, hivyo nyimbo nyingi ziko katikati ya noti mbili, na anayeshikilia kifaa chake atadhani ana sikio bovu.

Dire Straits ni ushahidi kwamba hili halihitaji bendi kuwepo. Knopfler aliifunga mwaka 1995 na hajairudisha. Hata walipoingizwa kwenye jumba la heshima la roki mwaka 2018 hakwenda, na mpiga besi John Illsley ndiye aliyesimama kuwapokelea. Wanaojifunza nyimbo zile leo wengi hawajawahi kuwa na nafasi ya kumwona akizipiga na bendi hiyo.

Kazi kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ya kanda. Grateful Dead walipata wimbo mmoja tu wa kumi bora Marekani katika maisha yao yote, mwaka 1987. Kilichowabeba ni ruhusa: waliwaacha mashabiki warekodi maonyesho, na mwaka 1984 wakawatengea sehemu rasmi nyuma ya meza ya fundi mitambo. Kanda zilibadilishana mikono kwa sharti moja, haziuzwi. Onyesho lao la Mei 8, 1977, katika Chuo Kikuu cha Cornell lilisambaa kwa njia hiyo kwa miongo kadhaa kabla ya kutolewa rasmi mwaka 2017, na kabla ya hapo maktaba ya taifa ya Marekani ilikwishaiweka rekodi yake miongoni mwa zinazostahili kuhifadhiwa. Jerry Garcia, mpiga gitaa na mwimbaji wao, alifariki 1995. Watu hawajaacha kusafisha kanda zake.

Kama una kaseti za bendi yako, fanya hivi. Safisha hedi ya mashine (kichwa kinachosoma kanda), pamoja na mhimili na roda la mpira vinavyoivuta kanda, kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi, uache zikauke. Peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja ili ijipange. Anza kuipiga na ugeuze taratibu ile skrubu ndogo ya pembeni ya hedi kwa bisibisi, ukisikiliza matoazi: yanapong'aa kabisa, hedi imelingana na ile iliyorekodi. Kila kanda ina pembe yake, kwa hiyo rudia kwa kila moja, hata upande wa pili. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48 au 96, vilele visizidi desibeli 6 chini ya kikomo. Usiondoe mvumo wakati wa kuhamisha; kilichoondolewa hakirudi. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza chochote cha sauti, si MP3.

Kasi ndiyo huwashinda wengi. Mashine iliyorekodi kwa betri zinazokwisha ilikuwa inazunguka polepole, kwa hiyo ukiipiga kwenye mashine nzima muziki hupanda juu na kwenda mbio. Kishawishi ni kuituni kwa masikio mpaka gitaa lifike E, na hapo ndipo kanda nyingi za bendi zilizopiga E-flati zimeharibiwa na watu wenye nia njema. Tafuta shahidi asiye mwanamuziki: mvumo wa umeme wa jukwaani kati ya nyimbo. Marekani umeme ni hezi 60, Ulaya ni 50. Fungua sehemu hiyo kwenye picha ya masafa (spektrogramu) ya programu kama Audacity. Ukikuta mstari uko 62 badala ya 60, kanda inakwenda mbio kwa asilimia 3.3, zaidi kidogo ya nusu ya nusu toni. Punguza kasi mpaka mstari urudi 60, bila kugusa kingine. Kabla ya kuuamini mvumo huo, simamisha kanda: ukiendelea kusikika, ni wa mashine zako, wala haukutoka jukwaani. Pima pia mwanzo na mwisho wa upande, maana betri huchoka kadiri usiku unavyoendelea na sahihisho moja halitoshi.

Lipe faili jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha mji, kisha chanzo: hadhira au meza ya fundi mitambo. Weka ndani ya folda maandishi mafupi ya njia iliyopita: maiki gani, mashine gani, nakala ya ngapi, nani alihamisha, amesahihisha nini. Asiyeandika hilo humlazimisha mwenzake kuanza upya baada ya miaka kumi. Na ukikuta rekodi nyingine ya usiku uleule, mbaya kuliko yako, usiifute. Kaseti ya dakika 90 hugeuzwa kila baada ya 45, na kila aliyerekodi aligeuza wakati wake. Wimbo uliokatikia katikati kwenye kanda yako safi unaweza kuwa mzima kwenye ile mbovu. Unaziunganisha ukishasawazisha kasi zote mbili, ukikata kwenye pigo la dramu, na unaandika kwenye maelezo ni sekunde gani hadi gani zimetoka kwa nani.